Njia za Shangazi, Mvumi hadi Mpwapwa

Jumatatu: Dodoma mjini hadi Mvumi

Shangazi alikataa katakata kunisimulia maisha yake akiwa amekaa sebuleni. Nilimwomba kwa muda mrefu. Mtu aliyefanya uuguzi wa macho Ugogo kwa zaidi ya miaka thelathini, akaona njaa, akafiwa, akakosa mshahara na bado akabeba sanduku la vifaa kijiji kwa kijiji, habari zake zisipoandikwa tutajilaumu. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu, hapa Area C nitakumbuka nini? Nipeleke waliko watu wangu, huko nitasema." Nikaomba likizo kazini. Yeye akafunga begi: Biblia, tochi ya kupimia macho, miwani ya kukuzia, dawa za magoti.

Kosta ya Mvumi iliondoka imejaa hadi mlangoni, magunia ya mashudu juu, vifaranga ndani ya boksi, wanafunzi wanaorudi shule, na Shangazi kiti cha mbele ameushika mkongojo wake. Agosti huku ni mwezi wa upepo. Uwele na mtama vimeshavunwa, mashambani yamebaki mabua, na vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa. Zabibu zimeiva. Wauzaji waliinua ndoo kila gari lilipopunguza mwendo.

Mvumi Misheni ni mahali pa siku nyingi. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, waliingia Ugogo miaka ya 1870 na kuanzia Mpwapwa. Tangu 1927 kazi hiyo ikawa chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia. Majina ya maaskofu na madaktari yameandikwa. Ya wale walioshika tochi usiku, waliochemsha vifaa, waliotangulia kwa miguu kuwaambia wanakijiji kwamba watu wa macho wanakuja, hayajaandikwa, na wengi wao wameshafariki. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni tulikaribishwa na muuguzi mstaafu aliyesoma na Shangazi. Tukala ugali wa uwele, mlenda na maziwa mgando. Hapo ndipo alipoanza, na hakuanzia chuoni wala kanisani. Alianzia mlangoni pa tembe la bibi yake.

Bibi huyo alikuwa msichana wakati wa Mtunya, njaa kubwa iliyofuata Vita ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipopita Ugogo yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua ilipogoma watu hawakuwa na akiba yoyote. Walikufa maelfu kwa maelfu. Bibi alipona, akaolewa, akazaa, akazeeka na macho yanayomchoma. Kila asubuhi jua likishapanda alikaa mlangoni, akafungua pindo la khanga, akatoa kibano cha chuma alichofuliwa na mhunzi. Shangazi, wakati huo ana miaka saba au minane, ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko wote pale nyumbani, kwa hiyo kazi ikawa yake. Alilikunjua kope la juu, akautafuta unywele uliopinda ndani, akaung'oa kutoka shinani. Ukiukatiza katikati hurudi na ncha kali zaidi. "Nilijifunza kubana pumzi," alisema. "Ukitikisika unamchoma." Bibi hakupiga kelele. Alishika goti la mtoto, na unywele ukitoka alimgonga mara moja kwa kidole, maana yake endelea. Mwishowe kioo cha jicho la kulia kikawa cheupe. Kisha la kushoto.

Ugonjwa ulikuwa trakoma, vikope kwa jina la nyumbani. Bakteria wake hupita kwa vidole, kwa kitambaa, kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo la mtoto. Mtoto huugua akapona, akaugua tena, na kila mara kovu hubaki ndani ya kope. Miaka mingi baadaye kovu hujivuta, kope hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia kuliko wanaume kwa sababu ndio wanaolala na watoto, wanaowabeba na kuwapangusa.

Alipokuja Mvumi kusomea uuguzi miaka ya 1970, alisimama kando ya meza akaona upasuaji wa kope kwa mara ya kwanza. Sindano ya ganzi, mkato mdogo, kope linageuzwa kutazama nje, nyuzi. Hata saa moja haikuisha. "Sikulia," alisema. "Nilikasirika. Kumbe ilikuwa kazi ya saa moja! Na mimi nimemng'oa bibi yangu miaka."

Mwenyeji wetu akainuka kuongeza chai, akasema yeye anakumbuka siku ile, Shangazi alitoka nje na hakurudi kula.

Jumanne: vijiji vya upande wa Handali

Bajaji, mawe na makorongo makavu. Njiani tulipishana na punda wenye madumu ya maji, watoto wakiwafuata nyuma kwa fimbo. Korongoni wanawake walikuwa wamechimba mchanga na kuinamia shimo, wakiteka kwa kikombe kimoja kimoja. Shangazi akamwambia dereva asimame, akashuka kuwasalimia. "Mbukwenyi!" Wakainua vichwa, na mmoja akamtambua kabla hajasogea: "Huyu si mama wa macho?"

Kijijini kuna kanisa ambalo babu yangu, baba yake Shangazi, alikuwa mwinjilisti wake. Siku hizi ni la matofali ya kuchoma na bati. Wakati ule lilikuwa la udongo, na humo humo ndimo Shangazi alimofanyia upasuaji alipokuwa mtumishi. Alinionyesha alivyopanga. Benchi mbili ziliunganishwa karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga, mto ukawa gunia lililokunjwa, na vifaa vilichemka ndani ya sufuria kwenye jiko la mkaa nje, akiwa ameweka mtu wa kulinda mfuniko usifunuliwe na upepo. Wagonjwa waliongozwa na wajukuu, kila mzee ameshika ncha ya fimbo na mtoto ncha nyingine. Akina mama wa kanisa waliimba mlangoni, na wimbo ulikuwa na kazi: mgonjwa aliyelala aliusikiliza badala ya kusikiliza mkasi.

Hapo ndipo aliponisimulia mwaka wa unga wa njano. Mvua ziligoma 1973 na 1974. Watu walikuwa ndio kwanza wamehamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma ya 1971, mbali na mashamba yao ya zamani, na mahindi ya njano ya msaada, waliyoyaita Yanga, hayakumfikia kila mtu. Mwinjilisti hakuwa na mshahara wa maana. Waumini walimpa mtama, na wao wenyewe mtama hawakuwa nao. Babu akatoka na punda kwenda kuhemea upande wa Kilosa. Alirudi na gunia moja lisilojaa. Usiku ule ule alilifungua akagawa kwa majirani, debe hapa, kisado pale, hadi nyumbani pakabaki cha siku chache. Bibi yangu hakuzungumza naye kwa muda mrefu.

Mahubiri mengi yangemwinua babu na kumsahau bibi. Shangazi hafanyi hivyo. Mpaka leo yuko upande wa mama yake. "Baba aligawa," alisema. "Mama ndiye aliyetafuta mboga za porini kutulisha baada ya hapo. Wote wawili walitumika. Mmoja tu ndiye aliyesifiwa."

Kabla hatujaondoka alikagua kope za mama mmoja aliyempasua miaka ya 1980. Alimkalisha juani, akaweka miwani, akayakunjua macho kwa kidole gumba, taratibu, akanyamaza. Kovu lilikuwa mstari mwembamba. Nywele zote zilitazama nje. "Bado mzuri," akasema, na yule mama akacheka akauliza kama ni yeye au mshono.

Jumatano: Buigiri

Tulirudi mjini tukashika barabara ya Dar es Salaam. Siku hizi treni ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma chini ya saa nne, tangu 2024. Shangazi aliitazama reli mpya akaniambia aliwahi kumtoa mgonjwa kijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe siku nzima, na hiyo ilikuwa bahati, maana kuna waliotoka migongoni mwa watoto wao.

Shule ya wasioona ya Buigiri ilianza 1950 chini ya kanisa la Anglikana. Wapo pia wanafunzi wenye ualbino. Shangazi alikuwa akiwaleta hapa watoto ambao macho yao hayakuokoka, na wengi wao hawakuwa wa trakoma. Walikuwa wa surua. Mtoto mwenye lishe duni, asiye na vitamini A ya kutosha, akishikwa na surua, kioo cha jicho huweza kuoza kwa siku chache. Na mara nyingine alikuwa amemiminiwa dawa ya majani. Chanjo na matone ya vitamini A vimepunguza hayo sana, na ukitaka kujua maana ya chanjo muulize muuguzi wa zamani, siyo mimi.

Wazazi wengi walikataa kuwatoa watoto hao. Asiyeona atasoma nini? Alikwenda mara ya pili, ya tatu, akakaa nao, akala walichopika, akaondoka bila mtoto, akarudi tena. Leo tulikutana na mmoja wa watoto wale. Sasa ni mwalimu. Alikuwa akisahihisha madaftari ya nukta nundu, vidole vinakimbia kwenye karatasi, na aliisikia sauti ya Shangazi mlangoni akasema, "Shikamoo mama, umeanza kutembea na mkongojo."

Alimshika mikono wakakaa. Mimi nikatoka nje.

Alhamisi: Kongwa

Ukitoka Chalinze Nyama unafika Mbande, unakata kulia, na nchi inafunguka kuwa tambarare ya nyasi. Kongwa imebeba mambo makubwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta ya kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Uingereza baada ya vita. Udongo ukikauka unakuwa mgumu hata jembe la trekta linakatika, na mvua haikuwatii; 1951 mpango ukafa. Kuanzia 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru, ANC, FRELIMO, SWAPO na wengine. Wageni huja kuuliza hayo. Lililotokea kwenye nyuso za watoto wa Kongwa wachache hulijua, nalo limesaidia watu hadi nje ya Afrika.

Miaka ya 1980 watafiti walianza kuchunguza trakoma katika vijiji hivi, kwa kuwa ilikuwa imeenea mno. Shangazi alikuwa miongoni mwa wauguzi wengi waliozunguka huku. Swali lilikuwa rahisi: je, kuosha uso wa mtoto kunasaidia? Matokeo yalichapishwa 1995: watoto ambao nyuso zao zilibaki safi walipata trakoma kali kwa uchache zaidi. Leo kunawa uso ni moja ya nguzo nne za kupambana na trakoma duniani, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira.

Kumwambia mama wa Kongwa aoshe uso wa mtoto halikuwa jambo dogo. Maji yalitoka mbali, kichwani. Aliyehukumu nyuso chafu bila kujua korongo liko wapi alikuwa hajafikiri. Shangazi alisema wauguzi wengine walihutubia. Yeye aliomba kikombe. Leo alinionyesha chini ya mbuyu, na watoto wa jirani wakajipanga wenyewe. Alimimina maji kidogo kiganjani, kiasi cha mfuko wa kiganja tu, akapitisha jicho la kulia kutoka puani kwenda nje, akamimina tena, jicho la kushoto, kisha pua. Hakupangusa kwa khanga, kwa sababu khanga moja hubeba ugonjwa wa nyumba nzima. Upepo ulikausha. Kikombe kimoja kiliosha watoto wote waliokuwapo na maji yakabaki. Zamani alipomaliza alimrudishia mama kikombe bila neno, mama akachungulia ndani. Baadaye vikaja vibuyu chirizi, dumu lenye tundu na kamba, vikaning'inizwa kando ya vyoo.

Mwaka 1999 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupata azithromaisini ya msaada, dawa ya kumeza ya kutibu trakoma. Kabla ya hapo ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki sita, na mama gani mwenye shamba na watoto wanne angeyamaliza? Sasa ilikuwa dozi moja kwa mwaka. Walipima kwa fimbo yenye rangi, urefu wa mtoto ukionyesha kiasi cha dawa, kwa hiyo mizani haikuhitajika. Uvumi ukazuka kwamba ni dawa ya kufunga uzazi. Shangazi alisimama mbele ya mkutano wa kijiji, akameza dozi yake mbele yao, akawapa watoto wake mwenyewe.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, umeme ulikatika. Ndipo aliponiambia lile alilokuwa akilizunguka tangu Jumatatu. Alifiwa na mumewe watoto wakiwa wadogo, na mwaka huo huo kituo alichokuwa akifanyia kazi kikashindwa kulipa mishahara kwa miezi mingi. Kituo chenyewe kaniomba nisikitaje, nami sitakitaja. Alikaanga vitumbua alfajiri, mtoto mkubwa akaviuza kabla ya kwenda shule, kisha yeye akavaa sare akaenda kazini kusikolipwa. Watu wanaposimulia habari kama hizi husema imani ndiyo iliyowabeba. Nilimuuliza hivyo, nikitegemea jibu hilo.

"Hapana," alisema. "Niliacha kuomba. Miezi kadhaa. Sikuwa na la kumwambia Mungu. Ila kazi sikuacha, kwa sababu mgonjwa akishavuliwa bandeji huwezi kumwambia rudi kesho nina hasira na Mungu. Maombi yaliporudi yalinikuta kazini."

Nimeliandika kwa mwanga wa simu kama alivyolisema.

Ijumaa: Mpwapwa

Kosta, barabara inashuka kuelekea milimani, na ghafla kuna miti mirefu na hewa nyingine. Shangazi alikuwa amechoka, magoti yamevimba.

Jambo moja tu la leo. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilirudi nyuma mteremkoni, karibu na Igandu, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Shangazi alikuwa wilaya hii kwa kazi ya macho. Gari lao likageuzwa kwenda kusaidia. Alinieleza saa ya kufika, na kwamba walitumia bandeji za macho hadi zikaisha, kisha wakachana mashuka. Nilipouliza zaidi alisema, "Hapo pametosha." Nikafunga daftari.

Jumamosi: Mpwapwa

Mapumziko. Maji ya moto kwenye magoti. Alilala mchana, akaamka akaniomba nimsomee niliyoandika, akasahihisha mawili: kijiji nilichokosea tahajia, na sehemu niliyomwita shujaa. Neno hilo nimelifuta kwa amri yake. Maoni yangu ninabaki nayo.

Jumapili: Mpwapwa

Kanisani mchungaji alimwita mbele atoe salamu. Nilitegemea ushuhuda. Aliwasalimia, "Bwana Yesu asifiwe," wakaitikia, akasema jina lake na alikozaliwa, kisha akasema kwamba yeyote ambaye macho yanamchoma akipepesa, au anayeona ukungu, au aliye na mama nyumbani anayeng'oa kope kwa kibano, asiondoke baada ya ibada. Trakoma imepungua sana, alisema, watoto wa leo hawaugui kama walivyougua mama zao, lakini kovu la utotoni hungoja, na wenye makovu bado wako hai. Akarudi kukaa.

Ibada ilipoisha kulikuwa na foleni chini ya mwembe. Kiongozi wa Umoja wa Akina Mama alileta kiti na beseni la kunawia mikono. Mimi niliandika majina na vijiji. Shangazi alitazama kila jicho kwa tochi, bila haraka, na kati ya mgonjwa na mgonjwa alinawa mikono. Alipata wanne wenye kope zilizopinda na wawili wenye mtoto wa jicho. Mmoja wa wale wanne, mama wa makamo, alisema haendi hospitali, hana wa kumwachia mbuzi. Shangazi alimuuliza mbuzi ni wangapi. Akageuka kwa kijana wa kwaya aliyesimama karibu, akamuuliza kama anajua kuchunga. Kijana akasema ndiyo. "Basi Jumatano unachunga."

Kisha akachukua simu yangu, akampigia mratibu wa macho wa wilaya, ambaye alikuwa mwanafunzi wake zamani. Wanapelekwa Jumatano, gari litawachukua hapa kanisani saa moja asubuhi. Alinitaka nisome orodha mara mbili, jina kwa jina, kwenye simu, yule mratibu akaandika.

Kesho tunarudi Dodoma. Ameshaniambia safari inayofuata ni upande wa magharibi: Bahi, Kintinku, mpaka Kilimatinde, kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo niongee na wakubwa wangu kazini mapema.